Majina Yasiyorithiwa: Safari ya Nyarutarama

Mashabiki wa soka wa Tanzania hawahitaji kuelezwa Haruna Niyonzima ni nani. Yanga walimsajili mwaka 2011 akitokea APR ya Kigali, mwaka 2017 akahamia Simba, mwaka 2020 akarudi Yanga. Kwao alikuwa nahodha wa Amavubi, timu ya taifa ya Rwanda. Jambo ambalo wengi wetu hatukulitilia maanani ni kwamba Haruna ana mdogo wake, naye mchezaji, aliyewahi kuvaa jezi ya APR, ya AS Kigali na ya Amavubi. Anaitwa Muhadjiri Hakizimana. Na katika Amavubi hiyo hiyo alikuwepo kiungo mwingine, Olivier Niyonzima, ambaye jina lake halikumfanya ndugu wa Haruna. Yaani wenye jina moja si ndugu, na walio ndugu hawana jina moja. Kwa mtu wa Tanga kama mimi, ambaye kwenye kila cheti anaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, jambo hilo linataka maelezo, na maelezo yake niliyapata Nyarutarama, Kigali.

Rafiki niliyesoma naye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alinipigia simu kutoka huko kwamba shemeji amejifungua salama, mtoto wa kike, na kwamba siku ya nane watamtoa nje na kumpa jina. Wanyarwanda wanaita sherehe hiyo kwita izina. Dunia inaijua zaidi kwa sababu ya sokwe, maana tangu mwaka 2005 serikali hufanya sherehe ya jina hilo hilo huko Kinigi, chini ya milima ya Virunga, kuwapa majina sokwe wachanga wa milimani. Lakini mwenye sherehe yake ni mtoto wa binadamu. Niliomba ruhusa kazini nikapanda basi.

Njia ya nchi kavu kutoka Dar ni ndefu na ina mengi. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, kisha unateremka kuelekea Ngara ukipita Benaco. Benaco leo ni mji mdogo wa malori na chipsi, lakini mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wanaokaribia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakaja kutua hapo. Mbele kidogo ni Rusumo penyewe, Mto Kagera ukinguruma chini ya daraja jipya, na mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Ukivuka, gari linahamia upande wa kulia wa barabara na mifuko ya plastiki inabaki nyuma. Rwanda waliipiga marufuku tangu mwaka 2008. Kirehe, Kayonza, Rwamagana, vilima juu ya vilima, migomba hadi kileleni, na jioni ukashuka stendi ya Nyabugogo.

Dereva wa pikipiki aliyenichukua alikuwa mzaliwa wa Nyamirambo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini Nyamirambo na Biryogo walikuwa wakikizungumza vizazi vingi kabla ya sheria hiyo. Akanipa helmeti, tukapanda na kushuka, tukapita Kacyiru, hadi hewa ilipobadilika kwa harufu ya majani yaliyokatwa.

Nyarutarama ni kilima cha wenye nacho. Kuta ndefu zimefunikwa na mimea inayopogolewa kila wiki, walinzi wamekaa kwenye viti vya plastiki nje ya mageti, na bendera za nchi za mbali zinapepea juu ya nyumba za mabalozi. Bondeni kuna uwanja wa gofu uliojengwa upya ukawa wa mashimo 18, na kando yake bwawa ambalo wenyeji wanaliita ziwa, ambapo asubuhi utakuta wakimbiaji na ndege wa majini. Barabara zake zinatajwa kwa herufi na namba. KG maana yake uko wilaya ya Gasabo. Ukivuka kwenda Nyarugenge inakuwa KN, na Kicukiro ni KK. Dereva wangu alinifikisha getini kwa namba tu, bila kumuuliza mtu.

Chini ya majumba hayo, upande wa mteremko, kulikuwa na mtaa wa watu wa kipato cha chini. Kwenye makaratasi ya serikali ulikuwa Kangondo na Kibiraro, ila Kigali nzima ililiita eneo hilo Bannyahe, jina linalouliza watu wa hapo wanakwenda haja wapi. Ni jina ambalo waliokaa mle hawakujipa. Baada ya mvutano wa miaka kadhaa kuhusu fidia, nyumba za mwisho zilibomolewa mwaka 2022 na wengi wa wakazi walihamishiwa Busanza, Kicukiro. Nilipita hapo kwa miguu kesho yake asubuhi. Ninaamini watu wanapoondolewa mahali, angalau jina walilolitumia wenyewe kwa heshima lingeandikwa mahali fulani, na sikuliona limeandikwa.

Nyumbani kwa rafiki yangu nilipokewa na mama yake mzazi, ambaye kila mtu alimwita bibi. Alikuwa ameishi ukimbizini Ngara, katika makazi ya Muyenzi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiswahili chake kilikuwa cha Ngara kabisa, na alikuwa miongoni mwa wale wanaokaribia 36,000 ambao mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia wa Tanzania. Nilipomwamkia alinishika mikono yote miwili, akauliza habari za nyumbani mmoja mmoja: mama, baba, watoto, mvua. Kisha akanikalisha karibu naye na kuanza kunitambulisha kwa waliokuwepo. Huyu ni mwanangu wa kwanza. Huyu wa tatu. Huyu ni binti wa mdogo wangu. Kila mmoja alinitajia jina lake, na katika chumba kizima, chenye watu wa damu moja, hapakuwa na majina mawili yaliyofanana.

"Mwanangu," bibi aliniambia, "kwetu jina halirithiwi. Kila mtoto anakuja na lake."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Katika desturi ya Rwanda, na ya Burundi pia, mtoto hapewi jina la baba. Anapewa jina lake peke yake, linalotokana na siku aliyozaliwa, hali ya nyumba, shukrani ya wazazi, au neno ambalo baba alitaka majirani walisikie. Jina la pili ni la ubatizo, au la Kiislamu kwa Waislamu kama Haruna na Muhadjiri. Mke naye habadili jina kwa kuolewa. Agathe Uwilingiyimana, waziri mkuu aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1994, aliolewa na Ignace Barahira, na kila mmoja alibaki na jina lake hadi mwisho. Baba yake Rais Paul Kagame aliitwa Deogratias Rutagambwa. Kagame ni jina la rais mwenyewe. Na alikuwepo Kagame mwingine kabla yake, maarufu kwa njia yake: Padri Alexis Kagame, mwanahistoria na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981, aliyekusanya mashairi na historia za kifalme ambazo zingepotea. Mgeni anayesoma vitabu kuhusu wote wawili hudhani ni jamaa wa nyumba moja. Ni majina tu yamekutana.

Kukutana huko wakati mwingine ni jambo zito. Mwaka 1994, Rwanda ilipokuwa na kiti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, balozi wake New York, aliyeitetea serikali iliyokuwa ikiua raia wake, aliitwa Jean-Damascène Bizimana. Waziri wa Umoja wa Kitaifa na Uwajibikaji wa Kiraia aliyeteuliwa mwaka 2021, mtu aliyeitumia miaka yake mingi kuandika na kupinga ukanaji wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, anaitwa Jean-Damascène Bizimana. Jina la Kinyarwanda ni lile lile, la ubatizo ni lile lile, na ni watu wawili tofauti kabisa. Kwetu mtu angeanza kuuliza ni mtoto wa nani au mpwa wa nani. Kule swali hilo halianzi hata kidogo, kwa sababu kila mtu anajua kuwa Bizimana ni tamko, kwamba ajuaye ni Mungu, na yeyote anaweza kulitamka juu ya mtoto wake.

Neno Imana, Mungu, limekaa ndani ya majina mengi kuliko neno lolote. Habimana, Mungu yupo. Hakizimana, aponyaye ni Mungu. Habyarimana, azaaye ni Mungu. Ntakirutimana, hakuna kimpitacho Mungu. Wakati mwingine Imana hatajwi, ila sarufi inamwonyesha: Niyonzima maana yake ni kwamba yeye ndiye aliye hai, na anayesikia anajua ni nani anayesemwa. Niyonsaba, jina la mwanariadha wa Burundi Francine Niyonsaba aliyepata fedha ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ni la ukoo huo huo wa maneno: yeye ndiye ninayemwomba. Yapo ya hesabu pia: Nyandwi ni wa saba, Minani ni wa nane. Yapo ya uchungu, yanayosemwa kwa jirani asiyekutakia mema. Wapenzi wa Simba wanamkumbuka Saidi Ntibazonkiza wa Burundi, mfungaji bora wa ligi yetu msimu wa 2022/23 kwa mabao 17 pamoja na Fiston Mayele; jina lake ni sentensi nzima, kwamba hao hawataniponya. Na yapo ya njiani. Bibi alinikumbusha kwamba Rwanda na Kivu utawakuta watu wazima wanaoitwa Safari, na ukiuliza utaambiwa mama alikuwa wapi siku hiyo.

Wafalme walikuwa na utaratibu wao. Mbali na jina lake la kuzaliwa, mfalme alipokea jina la utawala, na majina hayo yalizunguka kwa mpangilio: Kigeli, Mibambwe, Yuhi, na Mutara akipokezana na Cyilima. Ndiyo maana tunasoma Kigeli Rwabugiri, kisha Mibambwe Rutarindwa, kisha Yuhi Musinga, kisha Mutara Rudahigwa, kisha Kigeli Ndahindurwa, yule wa mwisho aliyefia Marekani mwaka 2016 na kuzikwa Mwima, Nyanza, Januari 2017. Mama wa mfalme alipokea jina la mwanawe likitanguliwa na Nyira: Kanjogera, mama wa Yuhi Musinga, alikuwa Nyirayuhi. Hata kule juu kabisa, kitu kilichorithiwa kilikuwa zamu. Jina la mtu lilibaki lake.

Sasa sherehe yenyewe. Familia za mjini siku hizi hufupisha. Hati ya kuzaliwa huandikwa hospitalini, kwa hiyo jina limeshaamuliwa kabla mama hajarudi nyumbani, na wengi hubaki na keki na picha. Bibi hakukubali. Alasiri ya siku ya nane walikusanywa watoto wa ndugu na wa majirani, pamoja na watoto wa walinzi wa mageti mawili ya jirani, kwa sababu bibi alisema mtoto hapewi jina na watoto wa aina moja. Wakapewa majembe madogo na fimbo zilizochongwa, wakaambiwa walime kipande cha bustani nyuma ya jiko. Mabinti wawili waliovaa viatu vyeupe walisita, wakavua viatu, wakalima. Udongo wa Kigali ni mwekundu na unashika. Baada ya dakika chache miguu yote ilikuwa ya rangi moja. Kisha shangazi mmoja akatoka na bakuli la maji, akawarushia kwa kiganja akipaza sauti kwamba mvua imenyesha, nao wakatupa majembe na kukimbilia ndani wakipiga kelele.

Ndani walikuta ungo mpana uliotandikwa majani ya mgomba, juu yake maharage yaliyochanganywa na mboga za majani, moshi ukipaa. Chakula hicho cha watoto kinaitwa ubunnyano. Hakuna sahani wala kijiko. Walikaa kuuzunguka, wakala kwa mikono, na mama mzazi, aliyekuwa hajatoka chumbani siku zote hizo, akaketi mbele yao na mtoto mapajani. Aliyemaliza kula alisogea, akamtazama mtoto usoni na kumpa jina. Wa kwanza akasema Keza. Wa pili akasema Ineza. Mwingine akasema Uwase, wa baba yake, na wakubwa wakapiga makofi. Mvulana mmoja wa miaka mitano hivi alifikiri muda mrefu, maharage bado mkononi, akatoa jina la mbwa wao, na hakuna aliyemcheka. Bibi alilipokea kama alivyoyapokea mengine, akalirudia kwa sauti. Kila jina lilirudiwa. Mwisho baba akasimama, akamchukua mtoto, akataja jina alilomchagulia na kueleza kwa maneno machache kwa nini. Jina hilo naliacha kwa wenyewe. Nitasema tu kwamba lilikuwa na habari ya mtoto mwingine aliyewatangulia na hakukaa, na kwamba shemeji alilia bila kuficha, na wanawake wakampigia vigelegele hadi akanyamaza.

Usiku walitarama, yaani walikaa kwa hadithi, nyimbo na kinywaji. Mimi nilikaa karibu na jirani wa nyumba ya tatu, mzee wa Kiingereza kwa pasipoti, ila yeye alisema kwa mkazo kwamba ni mtu wa Wales. Alikuwa mhandisi aliyestaafu, na yaliyopita siku ile yalimgusa kwa namna ambayo sikuitarajia. Kwao, alieleza, hapakuwa na jina la ukoo hata kidogo kwa karne nyingi. Mtu alikuwa mwana wa fulani, ap, na binti wa fulani, ferch. Mtawala wa mwisho wa Wales huru, aliyeuawa Desemba 1282, anajulikana hivyo hadi leo: Llywelyn ap Gruffudd. Kisha Mfalme Henry VIII akaiunganisha Wales na Uingereza kwa sheria za mwaka 1536 na 1542, mahakama na vitabu vya kodi vikawa vya Kiingereza, na makarani wakataka jina la kudumu. Wakubwa walianza, wanyonge wakafuata taratibu, vijiji vingine hadi karne ya 18 na zaidi. Ile ap ikamezwa na jina la baba: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ap Harri akawa Parry, ab Owain akawa Bowen, ab Evan akawa Bevan. Aneurin Bevan, waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya umma ya Uingereza mwaka 1948, alibeba ndani ya jina lake babu fulani aitwaye Evan ambaye hakuna amkumbukaye.

Wengine wakaongezewa herufi ya mwisho kwa desturi ya Kiingereza, na mwana wa John akawa Jones. Alfabeti ya asili ya Kiwelshi haina herufi J, lakini Jones ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Wales. Kwa kuwa majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache siku makarani walipofunga vitabu, vijiji vikajaa akina Jones, Davies, Williams na Evans wasiohusiana, na watu wakalazimika kuwatofautisha kwa kazi zao: Jones wa maziwa, Jones wa posta.

Niliposikia ap, nilisikia bin. Pwani yetu ilikwenda hivyo hivyo. Mtu tunayemjua kama Tippu Tip alikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, na kwa jina hilo ungeweza kupanda ngazi ya wazee wake hadi ujue anatoka wapi. Mwaka 1876 alikutana huko Manyema na msafiri Henry Morton Stanley, na hapo walikutana watu wawili ambao majina yao yalikwenda njia tofauti. Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, na jina lake lilikuwa John Rowlands. Alilelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakimbilia New Orleans, na huko akajitwalia jina la mfanyabiashara tajiri. Mapema mwaka huo wa 1876 alikuwa Karagwe, mgeni wa Mfalme Rumanyika, akafika kwenye maziwa ya Mto Kagera mpakani mwa Rwanda, na hakuingia. Mhandisi wangu alisema Wales bado hawajaamua wamwite nani.

Hata Rwanda yupo aliyejipa jina. Kamanda wa kwanza wa jeshi la RPF, aliyeuawa tarehe 2 Oktoba 1990, siku moja baada ya jeshi hilo kuanza vita Rwanda, alizaliwa Emmanuel Gisa. Mwaka 1976 alikwenda Tanzania kujiunga na kundi la wapiganaji la Yoweri Museveni, FRONASA, na huko akaanza kujiita Fred Rwigema. Hilo ndilo jina ambalo watoto wa Rwanda wanafundishwa.

Nilimuuliza bibi: kama jina halisemi ukoo, mtu anaujuaje ukoo wake? Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Ukoo upo, alisema, ila hauandikwi, unasemwa. Wapo Wanyiginya, Wega, Wasinga, Wagesera, Wazigaba na wengine, na kila ukoo una mnyama au ndege wake: Wanyiginya korongo mwenye taji, Wasinga mwewe, Wazigaba chui. Katika ukoo mmoja utawakuta Wahutu, Watutsi na Watwa. Wakoloni wa Kibelgiji walipogawa vitambulisho katika miaka ya 1930, waliandika kabila na hawakuandika ukoo. Yaani lile lililowaunganisha watu liliachwa mdomoni, na lile la kuwagawa likapigwa muhuri. Matokeo yake kila mtu wa eneo hili anayajua.

Siku iliyofuata rafiki yangu alinipeleka Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari yaliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kuna ukuta wa majina pale, haujakamilika na pengine hautakamilika, kwa sababu wengi waliozikwa hawakupata mtu wa kuwataja. Nilisimama mbele yake nikitafuta, kwa mazoea ya kwetu, majina yanayofanana ili nijue ni familia. Rafiki yangu aliweka kidole kwenye jina moja, kisha kwenye jingine mbali kidogo, kisha jingine. Walikuwa ndugu watatu wa baba yake. Bila kidole chake nisingejua, na siku asipokuwepo yeye wala watoto wake, ukuta peke yake hautasema. Hapo ndipo nilipoona uzito wa desturi hii. Jina linampa mtu nafsi yake kamili, ila undugu unategemea mtu aliye hai wa kuusimulia, na mwaka 1994 familia nyingi zilipoteza wasimulizi wote kwa siku chache.

Pengine ndiyo sababu mambo yanabadilika. Katika familia za Nyarutarama nilizozungumza nazo, wengine sasa wanampa mtoto jina lake na la baba juu yake. Wanaoishi Ubelgiji au Kanada hufanya hivyo kwa kuchoshwa na maswali: mama ana jina lake, baba lake, watoto wawili kila mmoja lake, na afisa wa uwanja wa ndege anataka kujua hawa wote ni nani kwa nani. Mama mmoja kwenye sherehe alinisimulia alivyowekwa kando na wanawe katika nchi moja ya Ulaya hadi vyeti vya kuzaliwa vilipotumwa kwa simu. Ninaelewa kwa nini mtu kama huyo anaamua watoto wachukue jina la baba. Lakini sikubaliani kwamba hilo ndilo jibu. Wales walishalijibu swali hilo hilo kwa kuwatii makarani, wakabaki na kijiji kizima cha akina Jones.

Rwanda na Burundi zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo tangu mwaka 2022. Mamilioni ya wananchi wa jumuiya hii wana majina yasiyorithiwa, na bado fomu zetu nyingi zinadai jina la ukoo kama vile kila mtu analo. Wanaoziandaa waweke nafasi ya jina la mtu, na chini yake majina ya baba na mama, basi. Mpaka wa Rusumo hautaanguka. Wazazi wanaosafiri na watoto, kwa sasa, wabebe vyeti vya kuzaliwa mkononi, si kwenye sanduku. Na wewe msomaji, ukikutana na Hakizimana au Ntakirutimana kazini, usimuulize kama ni ndugu wa yule mwingine unayemfahamu. Muulize nani alimpa jina hilo, na siku hiyo nyumbani kwao kulikuwa na nini.